Asiyekula Nyama Si Mugeni Kwetu

Katika muji wetu wa Lubumbashi, kuna maneno matatu yanayochekesha watu haraka kuliko kichekesho chochote. Ingia restora, agiza bukari, kisha mwambie mama anayepokea watu: «Miye sikulaka nyama.» Atacheka. Ataita mupishi atoke jikoni akuone. Mutu wa meza ya pili atageuka. Na maswali yatafuata kwa mufululizo, karibu siku zote yale yale: «Uko mugonjwa? Uko mu kanisa gani? Ao mwezi haiyaisha, franka imekosa?» Ukijibu kwamba si ugonjwa, si kanisa, si ukosefu wa franka, ila ni wewe mwenyewe uliyeamua, basi hukumu inatolewa palepale: «Ah! Ile mambo ni ya Wazungu.»

Ninaandika juu ya hukumu hiyo. Ninasema kwamba ni ya uongo, na kwamba wanaoitoa wakijidai kutetea desturi yetu hawaijui desturi yenyewe. Kitabu hiki kidogo kinazungumzia mila. Basi tuzungumze mila kwa ukweli, siyo kwa kelele za nganda. Najua wasomaji wengine watakasirika. Wakasirike, lakini wasome mpaka mwisho.

Kwanza tuelewane juu ya watu tunaowasema. Kuna wale wanaoacha nyama na samaki, lakini wanakunywa maziwa na kula mayai: hao wanaitwa vejetariani. Kuna wengine wanaoacha kila kitu kinachotoka kwa munyama, hata maziwa, mayai na asali: hao wanaitwa vegani. Neno hili la pili ni changa, lilitungwa Uingereza mwaka 1944. Wenye kusema «mambo ya Wazungu» wanashika hapo. Lakini umri wa neno na umri wa kitendo ni vitu viwili. Neno «demokrasia» nalo lilitoka mbali. Je, ndiyo kusema wazee wetu hawakukaa chini ya muti kujadiliana?

Lugha yetu yenyewe inashuhudia

Sikilizeni Kiswahili chetu cha Katanga. Kwetu bukari ni chakula, na kile kinachosindikiza bukari tunakiita mboga. Mboga inaweza kuwa nyama, inaweza kuwa samaki, finkubala, maharagi, sombe ao bowa. Mutoto akitoka masomo anauliza: «Mama, leo kuko mboga gani?» Haulizi kama kuna nyama. Lugha imeviweka vyote katika chungu kimoja, bila kuweka kimoja juu ya kingine. Bukari na lengalenga ni chakula kamili, kina jina lake, kina heshima yake.

Sasa, nani aliyefundisha watu wa leo kwamba meza bila nyama ni meza tupu? Ingia restora nyingi za katikati ya muji, uulize «kuko mboga gani?» Utajibiwa: kuku, mbuzi, ng'ombe, samaki. Sombe itatajwa mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, kama vile mutoto wa nje katika kilio cha baba yake. Ile sombe ambayo bamama wanaamka asubuhi kuiponda, ambayo wanaichemsha saa nyingi ili sumu yake itoke, ambayo wanaitia kalanga na mafuta ya mawese, imekuwa ni kitu cha kusindikiza kuku ya congélateur iliyosafiri kutoka Brazil! Na huyu anayetetea kuku wa Brazil ndiye anayemwambia mwenye kuagiza sombe kwamba ameiga wageni.

Nyama ya kila siku ilitoka wapi

Tusidanganyane: wankambo wetu walipenda nyama. Sitaandika kwamba walikuwa wakila majani peke yake, huo ungekuwa uongo wa namna ingine. Waliwinda, walivua, walifuga mbuzi na kuku. Lakini kupenda kitu na kukila kila siku ni mambo mawili. Sehemu nyingi za Katanga zilikuwa na mbung'o, ule inzi anayeua ng'ombe, na kwa hiyo ufugaji wa ng'ombe haukuwa kazi ya watu wengi hapa. Mbuzi alichinjwa kwa sababu: ndoa, kilio, kupatanisha watu waliogombana, mugeni mukubwa. Kuku vilevile. Nyama ya pori ilipatikana siku ambayo muwindaji alibahatika, na ilikatwa kwa kanuni: kipande cha mufalme, kipande cha mwenye bunduki ao mushale, kipande cha wajomba. Siku zingine, yaani siku nyingi, watu walikula majani, maharagi, kalanga, bowa, wadudu na samaki mukavu kidogo.

Hayo hayakuandikwa na watu wa leo wanaotaka kupendeza Wazungu. Audrey Richards alikaa kwa Wabemba, ngambo ya mupaka wetu, katika miaka ya 1930, na mwaka 1939 akatoa buku kubwa juu ya ardhi, kazi na chakula chao. Anaonyesha watu ambao maisha yao yalisimama juu ya ugali wa ulezi, na nyama ilikuwa ni furaha ya mara kwa mara. Kwetu hapa, profesa François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 buku juu ya namna watu wanavyojilisha katika pori la Katanga. Mwenye kuifungua ataona bowa za kila rangi, matunda, mizizi, majani, finkubala. Hiyo ndiyo maktaba ya wankambo. Ni wangapi kati ya wanaocheka katika restora wanaweza kutaja majina kumi ya bowa kwa lugha ya mama yao?

Nyama ya kila siku, ile inayofanya mutu ajisikie «mutu», ina historia yake, na historia hiyo si ya wankambo. Union Minière iliundwa mwaka 1906, muji wetu ukaanza mwaka 1910. Kampuni ilihitaji mikono yenye nguvu chini ya ardhi na mbele ya moto wa kuyeyushia shaba. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 ilitaka wafanyakazi wakae kampini na bibi na batoto, isiwe kila mara kutafuta wapya. Kwa hiyo ililisha. Kila juma posho ilitolewa: bunga ya mahindi, maharagi, kalanga, mafuta, chumvi, samaki mukavu, na nyama. Mashamba makubwa ya ng'ombe yalianzishwa kulisha makampi na Wazungu wa muji. Mutu wa kampi alitambulikana kwa nyama yake, kama vile alivyotambulikana kwa baisikeli na kwa nyumba ya matofali. Wale wa kijiji, ambao walikuwa wakila majani, waliitwa washamba.

Ndugu musomaji, angalia vizuri. Anayesema leo «mwanaume wa kweli anakula nyama» anadhani anasema kwa kinywa cha nkambo wake. Anasema kwa kinywa cha kampuni. Hata ile bukari nyeupe ya mahindi tunayoitetea kama damu yetu, mahindi yake yalitoka Amerika, na ni makampi yaliyoifanya iwe chakula cha kila mutu. Kabla ya hapo ilikuwa mtama na ulezi. Sisemi tuache bukari, Mungu anisamehe! Nasema tu: mila zetu zimebadilika mara nyingi, na hakuna mutu wa nganda aliyepewa ufunguo wa kuzifunga pale anapopenda yeye.

Na tukumbuke kilichotokea baadaye. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, ikawa Gécamines. Katika miaka ya 1990 Gécamines ilianguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile tuliyoita «départs volontaires». Mishahara ilikuwa imekwisha kukatika, posho nayo. Katika miaka hiyo, nani alilisha batoto wa makampi? Ni bamama, kwa vichwa vyao na mabeseni yao. Walilima pembeni ya muji, walipanda lengalenga nyuma ya nyumba, walichuma matamba, waliuzisha kalanga kwa kopo. Nyumba nyingi zilikuwa zikila mara moja kwa siku, bukari na majani. Kizazi kizima kilisoma, kikapata diplome, kikaoa, kwa nguvu ya majani. Leo kizazi hichohicho, kikipata franka kidogo, kinaketi mbele ya michopo na kucheka mutu anayeagiza matamba. Hiyo si desturi. Ni kusahau.

Bizila: desturi ya kutokula

Tuje sasa kwenye kiini. Je, mila zetu zilimujua mutu anayekataa chakula fulani? Zilimujua sana, hata zilikuwa na jina kwa ajili yake. Baluba wanasema bizila. Kwa Kiswahili tunasema miiko. Kuna mwiko wa ukoo, kuna mwiko wa ufalme: mufalme wa Baluba hakupaswa kuonekana akila. Kuna mwiko wa mwenye mimba. Na kuna mwiko wa mutu mumoja peke yake: muganga amemutibu, kisha anamwambia, «kuanzia leo, nyama ya munyama huyu usiile tena mpaka kufa». Hakuna aliyecheka. Mutu akifika kwa watu, alisema «hiki ni kizila changu», na mwenye nyumba aliondoa chungu hicho na kuleta kingine. Kumulazimisha mutu avunje kizila chake kulikuwa ni kosa la kweli, siyo mchezo.

Leo bado tunaheshimu miiko, ila kwa kuchagua. Mwislamu akikataa nguruwe, tunasema sawa. Mwadventista akikataa nguruwe na samaki asiye na magamba, sawa. Mukimbangisti hali nguruwe wala nyani, sawa. Muhindi wa duka akikataa ng'ombe, ao nyama yote, tunasema: «Ni kutume yao.» Mugonjwa wa goutte akionyesha karatasi ya daktari, tunamuhurumia. Ni huyu Mukongomani tu, mutoto wetu, asiye na karatasi wala kanisa, aliyetazama munyama akichinjwa na moyo wake ukakataa, ndiye tunayemugeuza kuwa kichekesho.

Kwa nini? Kwa sababu tunakubali mwiko ukitoka kwa Mungu, kwa ukoo, kwa daktari ao kwa taifa lingine, lakini hatukubali mwiko unaotoka katika zamiri ya mutu. Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo, na hauhusu nyama tu. Ni ule ugonjwa wa kumwambia mutu muzima: «Wewe ni nani hata uamue?» Tunautumia mezani, kisha tunashangaa kuuona katika politiki.

Bamama na majani

Nitasema jambo lingine ambalo litawauma wanaume wenzangu. Katika makabila yetu mengi, wanawake ndio walikatazwa vyakula vya nyama. Kwa watu fulani mwanamuke hakula kuku, kwa wengine hakula mayai, na karibu kila mahali firigisi ya kuku ilikuwa ya baba. Mama alipika, alionja muchuzi kwa kiganja, alipeleka sahani kwa wanaume, kisha aliketi jikoni na batoto, akala bukari na majani na mifupa iliyobaki. Nyumba ngapi ziko hivyo hata leo!

Kwa hiyo tumeishi karne nyingi na wanawake wanaokula majani, na hatukuona ajabu. Hatukuwaita Wazungu. Hatukuwauliza kama ni wagonjwa. Ajabu imeanza siku ambayo musichana alisimama akasema: «Mimi sili nyama kwa sababu sitaki.» Kukosa nyama kwa amri ya mwanaume ni mila, kuiacha kwa mapenzi yake mwenyewe ni kiburi! Nawaombeni mufikiri hapo kabla ya kuniandikia barua za hasira.

Hofu ya sumu

Hata hivyo nataka niwe wa haki. Kuna sababu moja inayofanya watu wakasirike mutu akikataa chakula, na sababu hiyo ni nzito, siyo ya kuchekea. Kwetu, kukataa chakula cha mutu kunaweza kumaanisha: «Ninakuogopa.» Chakula ndicho njia ya sumu na ya uloji. Anayekula kwangu ananiamini. Anayekataa ananishitaki bila kufungua kinywa.

Nimeliona kwa macho yangu. Mutoto mumoja wa ndugu yangu, musichana mwenye diplome na adabu, aliacha nyama tangu chuo kikuu. Siku familia ya muchumba ilipotupokea, walikodi sale ya restora moja ya hapa muji, wakaagiza mbuzi muzima. Sahani zikapita. Yeye akachukua bukari, akaomba majani. Akaletewa sombe. Akaona ndani vichwa vya kapenta, akaisukuma pembeni taratibu. Shangazi wa muchumba alikuwa akimwangalia. Akasema kwa sauti, ili wote wasikie: «Mbuzi anakatala, samaki anakatala. Anatuona sisi baloji?» Sale nzima ikanyamaza. Musichana alijaribu kueleza, lakini mutu anaelezaje zamiri yake mbele ya watu arobaini waliovaa likwembe za sikukuu? Ilibidi wazee wa pande mbili waketi mara mbili baada ya siku ile. Ndoa ilifungwa, ndiyo. Lakini mpaka leo shangazi yule hajawahi kunywa hata maji katika nyumba ya kijana wake. Anasema: «Yeye alianza.»

Haya ndiyo matokeo. Familia mbili zimebeba kidonda, na kidonda kile kingeepukwa kwa swali moja: «Wageni wetu wana bizila gani?» Hilo ndilo swali ambalo nkambo wa shangazi yule angeliuliza kabla ya kukamata mbuzi kamba. Wajumbe wa ndoa walikuwa na kazi hiyo pia: kutangulia, kuuliza, kueleza. Leo wajumbe wanahesabu dolare za mahari tu. Kwa hiyo nani aliyeacha mila: musichana aliyeshika kizila chake, ao sisi tulioacha kuuliza?

Udanganyifu wa jikoni

Wenye restora wasifikiri nimewasahau. Kosa lao ni kubwa kuliko kicheko. Kosa lao ni uongo. Mutu anauliza: «Sombe hii iko na nyama?» Anajibiwa: «Hapana, Papa.» Inafika na samaki wa moshi ndani. Akilalamika, anaelezwa kwa upole, kama mutoto wa shule: «Lakini ile haina nyama, iko samaki!» Maharagi yamekaangwa na mafuta ya nguruwe, hakuna anayesema. Mboga za majani zimetiwa kube ya kuku, hakuna anayesema. Viazi vimekaangwa katika mafuta yaliyokaanga samaki asubuhi, hakuna anayesema. Na wakati wa kulipa, mutu aliyekula bukari na lengalenga anatozwa bei ya sahani ya kuku, eti «bei ni moja».

Fikirini: si vegani peke yake anayedanganywa. Mwislamu, je, ambaye amekula mafuta ya nguruwe bila kujua? Mutu ambaye samaki inamuvimbisha mwili mpaka kukosa pumzi? Mutu wa goutte? Kusema kilicho ndani ya chungu ni heshima ndogo kabisa ambayo muuzaji anamupa munuzi. Hata mama anayeuzisha beignets barabarani anakuambia kama alitia maziwa.

Na ajabu kubwa ni kwamba hawa wenye restora wamekaa juu ya mali na hawaioni. Mvua zikianza, kandokando ya barabara zinazotoka muji, bamama na batoto wanauzisha bowa za manjano kwa mabeseni, na ile bowa kubwa ya kichuguu ambayo kofia yake inaweza kufika karibu metre moja: wataalamu wanasema ni mojawapo ya bowa kubwa kabisa zinazolika duniani. Ni restora ngapi za katikati ya muji zinaziandika katika meni? Tuna kikanda, ile mikate ya mizizi ya okide iliyosagwa na kupikwa na unga wa kalanga na pilipili, ambayo inakatwa vipande kama sosiso. Ndugu zetu wa Zambia wanaila kama sisi. Sosiso bila nyama! Ulaya wanaitafuta katika viwanda, na sisi mama zetu wanaitembeza sokoni kwa kichwa. Tuitunze tu, sababu mizizi ile inachimbwa bila kipimo na okide zinakwisha porini. Tuna kibwabwa, tuna ngai-ngai, tuna bilolo, tuna maboga. Mupishi anayesema «sijui nimupikie nini asiyekula nyama» asifiche uvivu wake nyuma ya mila.

Kwa wanaopinga

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: «Batoto wetu wanakufa kwa bwaki, na wewe unahubiri kuacha nyama!» Sihubiri. Mutoto mwenye bwaki apewe yai, apewe samaki, apewe finkubala, na apewe leo. Namtetea mutu muzima aliyeketi katika restora na franka zake mukononi. Hakunyanganya mutoto yeyote kipande. Na tukisema afya, tuiseme yote. Gramu 100 za kalanga kavu zina karibu gramu 25 za protini, maharagi makavu yanapita gramu 20. Upande mwingine, mwaka 2015 kituo cha utafiti wa kansa cha Shirika la Afya Duniani kiliweka sosiso na nyama zingine za kiwandani katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa. Vegani naye asijidanganye: vitamini B12 haipatikani katika mimea, na lazima aitafute katika dawa ao vyakula vilivyoongezewa. Kila njia ina bei yake.

La pili: «Mugeni anaheshimiwa kwa kuku. Mukiondoa kuku, heshima inabaki wapi?» Jibu liko katika desturi yenyewe. Mara ngapi mugeni wa heshima alipewa kuku muzima, amefungwa miguu, aende naye nyumbani? Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na alichofanya naye kilikuwa shauri lake. Heshima ilikuwa katika mukono uliotoa, siyo katika meno yaliyotafuna.

La tatu linatoka kwa vegani wenyewe, na hapa ninawageukia. Wengine kati yenu, hasa waliokaa Brussels ao Johannesburg miaka miwili, wanarudi na kiburi. Wanakunja pua mbele ya finkubala za shangazi. Wanaita watu wauaji wakati wanakula. Wanafika kwenye kilio bila kusema kitu, kisha wanakataa sahani ya mufiwa. Huo si uaminifu wa zamiri, ni ukosefu wa adabu. Mwenye kizila zamani alikuwa na wajibu wake: alitangaza mapema, alinawa mikono na wengine, alikula bukari kutoka sahani moja, hakutukana chungu cha mwenziwe. Mutu akitaka kizila chake kiheshimiwe kama mila, akibebe kama mila.

Tunachodai

Tunadai vitu vya kawaida kabisa. Restora iandike ao iseme kilicho ndani ya kila chungu, na isidanganye. Iwe na chungu kimoja cha sombe ao maharagi kilichopikwa kwa kalanga na mafuta ya mawese tu, na bei yake iwe bei ya majani, siyo bei ya kuku. Wajumbe wa ndoa waulize bizila za pande zote mbili kabla ya kununua mbuzi. Katika kilio na sikukuu, sahani ya asiyekula nyama iwekwe mezani pamoja na zingine, siyo ipitishwe mlango wa nyuma kama ya mufungwa. Na mashirika ya utamaduni, la kwetu likiwa la kwanza, yaandike majina ya bowa, majani na mizizi kutoka vinywa vya bamama wazee wangali hai, sababu kila mwaka tunazika mukubwa mumoja na majina mia moja.

Anayependa michopo aendelee kula michopo yake. Hakuna anayemupokonya. Lakini mutu akiketi pembeni yake na kuagiza bukari na lengalenga, asigeuke kumucheka. Ile sahani ilikuwa hapa mbele ya Union Minière, na ilibaki hapa wakati posho ilikwisha. Amupitishie pilipili, wale pamoja.